Siku Saa ya Ndanu Ilipokataa Kutoka Baharini

Sogeeni, enyi watu wa Kitengela na Kajiado yote, enyi wauza nyanya wa stendi na wachunga mbuzi wa Isinya, ninyi wa Ngong mnaoamka na ukungu na ninyi wa Kimuka mnaoamka na upepo. Wekeni chini mizigo, zimeni redio, mwiteni hata yule anayefua nyuma ya nyumba, kwa maana leo nasimulia habari za vita visivyomwaga damu hata ya kuku, na ushindi ambao gazeti halikuuandika. Ni vita vya Ndanu binti Muteti, Mshuka Vilindi, Mwenye Pumzi Ndefu, alipopigana na saa yake mwenyewe mchana kweupe katika duka la kompyuta la Kiragu, mwaka wa elfu mbili na tano, nami bibi yake nikiwa nimeketi pale pale kwenye kiti cha plastiki, mkoba wangu magotini.

Ee Mola uliyetenga bahari na nchi kavu siku ile ya mwanzo, nipe maneno ya kueleza jinsi vitu hivyo viwili vilivyochanganyika tena juu ya mkono wa mjukuu wangu.

Jueni kwanza shujaa ni nani. Ndanu ni mtoto wa mwanangu Muteti, na kuogelea alijifunzia katika silanga ya jirani yetu, lile bwawa analonyweshea ng'ombe Mzee Sironka, Sironka wa Fimbo Nyeusi, Bwana wa Mifugo Isiyohesabika. Wazee wenzake walimwambia amfukuze msichana huyo anayevuruga maji. Akawajibu kwamba amewauliza ng'ombe na hakuna aliyelalamika. Kwa jibu hilo fupi mtoto wetu alipata bahari yake ya kwanza, yenye matope hadi magotini na vyura wa kutosha.

Alipokua akaenda Watamu, akaanza kwa kuosha mavazi ya wazamiaji, kisha akafundishwa kuzamia, kisha akawa anawasindikiza wageni chini ya maji na kuwarudisha juu wakiwa hai, kazi ambayo mimi nikiiombea hufumba macho kwa nguvu zaidi. Siku moja mama mmoja mzee kutoka Uswisi alishikwa na mkakamao wa mguu huko chini. Ndanu akamshika mkono, akampandisha polepole, akimtazama machoni njia nzima asiogope. Walipofika juu ya mashua mama yule hakusema mengi. Alivua saa mkononi mwake akamvisha Ndanu.

Na saa yenyewe, nani ataisifu ikatosheka? Ni pana kama kifuniko cha chupa ya kahawa, mkanda wake mweusi wa mpira ungeweza kumfunga ndama, na uso wake wa kijivu unajua mambo ambayo hakuna saa ya ukutani imewahi kuyaota. Inajua umeshuka mita ngapi. Inajua umekaa chini kwa muda gani, na ukipanda kwa haraka inapiga filimbi na kukugombeza kama mwalimu wa zamu, maana anayepanda kwa pupa damu yake huchemka mapovu. Tena kila mbizi inayopigwa huiweka tumboni mwake, haisahau hata moja. Wenyewe huiita kompyuta ya kuzamia. Mimi naiita Saa ya Vilindi, nayo haijakataa.

Sasa sikieni chanzo cha vita. Pale Watamu palitafutwa kiongozi wa wazamiaji, na waliobaki katika kinyang'anyiro ni Ndanu na kijana mmoja. Mkubwa wao, Bi Judy Mureithi, mwanamke wa haki lakini asiyependa hadithi, alitoa amri: "Kila mtu anitumie mbizi zake zote kama zilivyo ndani ya kompyuta yake. Kwa barua pepe, Ijumaa kabla ya saa kumi. Maneno ya mdomo yabaki mdomoni." Naye Ndanu alikuwa nyumbani likizoni, na betri ya saa ilikuwa inakata roho. Betri ya aina ile ikifa, mbizi zote hufutika, kana kwamba mtoto hajawahi kulowa. Waya wa kuitolea mbizi na kuzitia katika kompyuta kubwa ulikuwa umepatikana Nairobi siku iliyotangulia tu.

Ndiyo sababu Ijumaa asubuhi tulitoka, shujaa na bibi yake, tukiuendea mji.

Langoni tukamkuta Mzee Sironka ameegemea fimbo.

"Takwenya, Mama Muteti."

"Iko," nikamwitikia.

Ndanu akainamisha kichwa, mzee akakigusa. "Na huyu samaki wangu anaenda wapi na uso wa mtihani?"

Ndanu akamweleza yote, kwa heshima na kwa kirefu. Mzee akanyoosha kiganja. "Leta hiyo saa. Kitu inaenda vitani bila baraka ni kitu imetupwa."

Anayewajua Wamaasai anajua kwamba mzee habariki kwa maneno makavu. Mate ya mzee ni umande wa Enkai, Mungu wao, na anayenyunyiziwa amependwa. Sironka akaiinua saa kwenye jua, akanena, nasi tukaitikia kila mara.

"Enkai ikuchunge!"

"Naai!"

"Ikupe macho gizani!"

"Naai!"

"Utoke majini kama ulivyoingia!"

"Naai!"

"Thuu!" Akainyunyizia mbele. "Thuu!" Akainyunyizia nyuma. Wala hakuwa mzee wa kubana mate.

Na baraka haipanguswi. Ukiipangusa umemrudishia mwenyewe usoni. Ndanu alilijua hilo tangu utoto, akaipokea saa kwa mikono miwili ikiwa inang'aa vile vile, na ili vumbi lisiichafue baraka akaitia katika mfuko wa plastiki, akaufunga fundo. Mimi nilimwona na nikafurahi kwa adabu yake. Hakuna kati yetu aliyeshuku kwamba hapo hapo, katika kufunga lile fundo, tulikuwa tumemfungulia adui lango.

"Nakuja pia," akasema Sironka. "Nataka kuona mahali bahari inaingizwa kwa sanduku."

Ngome ya Kiragu ilikuwa kati ya duka la mbegu na kinyozi, na ndani yake kompyuta zilisimama safu kwa safu kama askari wa gwaride. Kiragu mwenyewe, Bwana wa Waya, Mfufua Mashine, alitupokea kwa shangwe.

"Shosho, karibu! Mzee, karibu! Leo nimepata wazee wa kanisa kwa saiba?"

Ndanu akamwonyesha waya wake. Kiragu akaugeuza ncha, uso ukasawijika. "Aki, hii tundu yake siku hizi hakuna. Hizi mashine zangu zote ni mpya." Akakuna kichwa. Kisha akainuka kama mtu aliyeitwa kwa jina, akaenda pembeni, akaondoa chungu cha maua juu ya sanduku moja la kijivu lililosahaulika, akalifuta vumbi kwa mkono wa shati lake mwenyewe. "Huyu hapa. Huyu ndiye nilianza naye biashara. Kila mtu ananiambia nimtupe."

Nikaliandika moyoni, kwamba kijana huyu hakutupa cha kwanza chake.

Mashine ikawashwa, ikakohoa, ikanguruma kama posho mill ya kusaga unga, ikakubali. Diski iliyokuja na waya ikaingia, programu ikatafuna mchana wote kabla ya kukaa, waya ukachomekwa nyuma, na Ndanu akafungua fundo, akaitoa saa, akaibana kwenye ncha ya pili ya waya. Duka zima lilikuwa limegeuka kutazama.

Akabonyeza. Mashine ikatafuta. Ikatafuta tena. Kisha ikaandika kwamba haioni kitu.

"Jaribu tena," akasema Kiragu.

Haikuona kitu.

Ndanu akaitazama saa usoni, nami nikaona rangi ikimtoka. Akaniinamia sikioni na kunong'ona Kikamba, Sironka asisikie. Saa hii, akasema, ina vichuma viwili ubavuni. Maji yakivigusa vyote viwili inajua imeingia baharini, inaamka, inaanza kumchunga mzamiaji. Na ikiwa baharini haiongei na mtu mwingine yeyote, hata umwite nani. Ni kwa usalama. "Susu," akaniita kwa neno letu la bibi, "baraka haijakauka. Ile plastiki imeitunza. Saa inadhani tuko chini ya maji sasa hivi. Na ikijiona majini inakula betri."

"Si uipanguse?"

"Susu! Mbele yake?"

Nikageuka. Sironka alikuwa ameketi nyuma yetu wima, mikono miwili juu ya fimbo, akiilinda saa kama anayelinda zizi. Aliponiona ninamtazama akatabasamu kwa upendo mkubwa. Ndipo nilipoelewa vita vyetu ni vya namna gani. Adui ukimchukia ni rahisi. Huyu tulimpenda.

Shujaa wetu hakukata tamaa. Alimnong'oneza Kiragu siri hiyo, na meza ya jirani ikaidaka. Kwanza alipigana kwa pumzi yake. Aliinamisha uso kana kwamba anasoma maandishi madogo, akawa anavipuliza vile vichuma taratibu, fuu, fuu. Kisha akaiinua saa juu kuelekea feni, kama anayetafuta mwanga, akaishikilia hapo. Kijana mmoja aliyekuwa akichapa barua ya kazi, Waweru, hakuweza kunyamaza.

"Sistee, hiyo saa unaipepea ama unaisalimia?"

"Andika barua yako," akamjibu Ndanu.

"Nitaandikaje na nimeambiwa kuna bahari hapa ndani? Kiragu, uliza kama kuna samaki, nimekosa lunch."

Watu wakacheka, na Ndanu akaendelea kupepea, maana uso wa saa ulikuwa umeanza kubadilika. Ile alama ya maji ikafifia. Ikatoweka. Saa ilikuwa imetoka baharini! Akairudisha kwa waya kwa vidole vya mshona nguo, akakinyoosha kidole kubonyeza.

Lakini Sironka alikuwa ameona yote. Alimwona mtoto aliyemkuza akipuliza chuma na kukiinua mbinguni, machozi yakimlengalenga, akahukumu kama mzee yeyote mwema angehukumu: ile baraka ya asubuhi ilikuwa ndogo. Akainuka. Fimbo ikagonga saruji. Kabla sijapata neno alikuwa amefika mezani.

"Enkai ifungue mlango huu! Thuu! Thuu! THUU!"

"Mzee!" akapiga kelele Kiragu, akiikinga mashine kwa kifua. "Mzee, umeizamisha tena!"

Na kweli ilikuwa imezama. Alama ya maji ilirudi usoni ikisimama imara, na kando yake kipicha cha betri kikaanza kupepesa kama mtu anayepigana na usingizi. Saa ya ukutani ilikuwa imekwisha kuivuka tisa. Waweru mwenyewe aliacha kuchapa.

Sironka akasimama na mkono wake bado hewani. "Nimezamisha nini?"

Ndanu alikuwa amebana midomo. Na mimi niliona sasa kwamba vitu viwili vinaweza kuzama pale mezani, kazi ya mtoto na moyo wa mzee, na kwamba kama tukiokoa kimoja kwa kukizamisha kingine, tutakuwa tumetwaa mji na kuuchoma.

Nikaweka mkoba chini. Nikasimama, magoti yakalia, nikahutubu.

"Mzee Sironka, jirani yangu wa miaka mingi, wewe uliyemfungulia mtoto huyu maji yako watu walipokukataza, nisikilize. Baraka yako imefika. Imefika nyingi, hata imejaa. Ila tumekosea mahali pa kuiweka. Saa hii ni chuma. Chuma hakiogopi giza, na hakina mtu anayekingojea nyumbani na chakula. Anayeshuka huko chini ni huyu, na baraka imebaki juu ya saa, mtumishi wake. Tena saa yenyewe ina tabia moja: ikiguswa na umajimaji inaenda baharini, inaziba masikio, haiongei na mtu mpaka ikauke. Naomba ruhusa yako niitoe baraka hapa ilipo, niihamishie panapostahili."

Sironka alimtazama Ndanu. "Na wewe ulijua?"

Ndanu akainamisha kichwa. "Nilijua tulipofika, Mzee. Nikaogopa kupangusa."

"Uliogopa mimi?"

"Niliogopa kukuumiza."

Sisi sote tukangoja kama wanaongoja hukumu ya baraza. Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na tukagundua anacheka.

"Mtoto, mimi nikibariki ndama, dakika hiyo hiyo mama yake anamlamba yote. Umewahi kuona nikigombana na ng'ombe?" Akapangusa macho yake kwa shuka. "Mama Muteti, hamisha. Hamisha haraka, hii kitu inalala!"

Ndipo nikavua leso yangu mabegani. Nikaishika saa kama ninavyoshika uso wa mtoto mchanga, nikakunja ncha ya leso ikawa nyembamba, nikakausha kichuma cha kwanza, nikakausha kichuma cha pili, nikazunguka ukingo wote, polepole, nisiache hata tone. Kisha nikaibandika ile ncha iliyolowa juu ya paji la uso la Ndanu, na Sironka akaweka mkono wake juu ya mkono wangu.

"Utoke majini kama ulivyoingia."

"Naai," tukasema.

"Amina," akasema Kiragu, na Waweru naye akasema, maana nilimsikia.

Alama ya maji ikaondoka.

"Sasa!" akanguruma Bwana wa Waya. "Mtu asipumue upande huu!"

Ndanu akabonyeza. Sanduku la kijivu likanguruma, likawaza, likanguruma, na pale kwenye kioo ukatokea mstari mdogo wa buluu, mfupi kama ukucha. Ukarefuka. Watu waliacha mashine zao wakaja kuuzunguka, wakiwa wamelipia muda na hawaujali tena, mikono imefunika midomo kama Kiragu alivyoamuru. Mstari ulifika katikati ukasimama. Kipicha cha betri kikapepesa. Ndanu akanishika kidole kimoja, kama alivyokuwa akinishika tukivuka barabara ya Namanga akiwa mdogo. Mstari ukajikokota, ukasogea, ukaruka, ukajaa.

Na bahari ikamiminika ndani ya Kitengela! Zilitokea mbizi zake zote, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa mchoro wa mstari unaoshuka na kupanda, kama vilima vya Ngong vilivyopinduliwa. Hii ya asubuhi yenye mawimbi. Hii ya kasa aliyewafuata njia nzima. Hii, akasema Ndanu kwa sauti ndogo, ni ya mama wa Uswisi. Na kweli uliona pale mstari ulivyopanda taratibu mno, ngazi kwa ngazi, bila haraka hata kidogo, mkono ndani ya mkono.

Sironka akakaribia, safari hii akiwa amefunika mdomo kwa shuka kwa uangalifu mkubwa.

"Kumbe ni kazi moja na ya Mama Muteti," akasema ndani ya shuka. "Kutoa hapa, kuweka pale."

"Ni hiyo hiyo, Mzee," akasema Kiragu, na vidole vyake vikiwa vinakimbia kwenye vitufe, akizifunga zile mbizi na kuziambatisha kwa barua pepe. "Sistee, andika maneno."

Ndanu akaandika: "Bi Judy, hizi hapa. Ndanu." Hakuongeza neno. Akatuma. Na mashine ilipotangaza kwamba imetuma, Saa ya Vilindi, iliyokuwa imesimama zamu yake mpaka mwisho, ikazima uso wake kwa utulivu na haikusema tena kitu. Sikuona aibu kuifunika kwa ile leso.

Kisha tukangoja jibu. Kiragu akatuletea chai kutoka kwa jirani bila kuulizwa, ya Sironka ikiwa na maziwa mengi, kwa maana aliwahi kumwona akinywa. Waweru alimwachia mzee kiti chake chenye mto. Nawaambieni, nimewahi kukaa katika nyumba za watu wakubwa na sikukirimiwa hivyo.

Jibu lilifika chai haijapoa. Kiragu alilisoma kwa sauti ya mpiga mbiu, amesimama juu ya kiti, na saiba nzima ikisikiliza: "Nimezipata. Mwenzako ana mbizi nyingi kuliko wewe, lakini kila mara anapanda kwa haraka. Wewe hupandi kwa haraka hata mara moja. Jumatatu uanze kama kiongozi. Na ununue betri. Judy."

Hapo ukapigwa ukelele hata kinyozi akaja mbio na mashine yake ikiwa bado inanguruma mkononi, na kichwa cha mteja kikamfuata nyuma kikiwa kimenyolewa nusu. Waweru alipiga meza. Mimi nilipiga vigelegele mpaka meno yakanisihi niache. Ndanu hakupiga kelele; alikwenda akamwinamia Mzee Sironka kichwa, akakaa hivyo, na mzee akakigusa, na kukigusa, akasahau kuutoa mkono.

Basi ikumbukwe, na anayesimulia baada yangu asipunguze, kwamba alasiri ile, mbele ya sanduku moja la kijivu lililostaafu, katika mji unaonunua maji kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni wa punda, watu wa Kitengela waliikamata bahari ya Hindi, wakaikausha kwa ncha ya leso, wakaipeleka Watamu ikiwa kamili, kabla ya saa kumi.